Kati ya Kuuguza na Kuuza

Jirani yangu wa ghorofani alikuwa mwandishi wa habari za michezo, na mtaa mzima ulimwita Marudio. Jina hilo alilipata kihalali. Kila alichokisimulia, hata kama ni habari ya bomba la maji lililopasuka, alikimaliza kisha akakianza tena polepole, vile televisheni inavyokurudishia bao ili uone mguu uliopiga na beki aliyelala. Mkewe, alipokuwa hai, alikuwa akimkatiza: "Baba, tumeshaona. Endelea na mchezo." Watu wakacheka, naye akacheka, halafu akarudia.

Habari ninayoiandika hapa ni yake. Aliniruhusu mwenyewe, kwa sharti moja: nisubiri mpaka wenye kuumia nayo wawe hawapo. Sasa hawapo, na yeye hayupo. Amebaki binti yake, lakini huyo ni mwandishi kama baba yake. Atasoma, atanuna, kisha ataelewa.

Nilimjua Marudio kabla sijawa na hili duka alilokuja kuishi juu yake. Wakati ule nilikuwa nikiuza magazeti njia panda, kwa miguu, bila hata kigoda. Wateja wangu waligeuza gazeti kifudifudi kabla hawajanipa pesa, wakamtafuta Marudio ukurasa wa mwisho, wakasoma mistari miwili mitatu wakiwa wamesimama, ndipo wakakumbuka kulipa. Alijua kuandika, bwana. Winga mwembamba aliyepenya kati ya mabeki wawili, Marudio aliandika kwamba "alipita kama uzi unaojua tundu la sindano." Refa aliyechelewa kutoa adhabu, aliandika kwamba "aliimeza filimbi, ikabidi uwanja mzima umsubiri aiteme." Watu walikuwa wakienda mpirani, wanaona kwa macho yao, na bado asubuhi wananunua gazeti wajue walichokiona.

Waandishi wa michezo walikuwa na kibanda chao cha chai nyuma ya uwanja. Nilipita pale mara kwa mara kusukuma nakala zilizobaki, nikasikia ubishi wao. Wao hawakubishana sana juu ya mpira. Walibishana juu yao wenyewe. Je, mwandishi ashangilie bao akiwa jukwaa la waandishi? Je, apande basi la timu, ale meza moja na wachezaji, kisha kesho awaseme? Na mchezaji akikwambia jambo kwa siri, siri hiyo ni mali yako, au ni mali ya yule aliyenunua gazeti?

Hapo Marudio alikuwa mkali kuliko wote. "Mwandishi wa michezo," alisema akigonga meza, "asiwe na rafiki mwenye jezi."

"Na Kipa je?" akauliza mtangazaji mmoja wa redio, mwenye sauti kama kengele ya shule. "Yule ni nani wako? Shangazi yako?"

Kibanda kikalipuka kwa kicheko.

"Yule si rafiki. Yule ni ndugu."

"Alaa! Basi ndiyo mbaya zaidi!"

Huyo Kipa alikuwa kipa wa timu kubwa ya mji. Yeye na Marudio walikulia mtaa mmoja. Walipokuwa wadogo, Marudio ndiye aliyekuwa mpigaji na Kipa ndiye mdakaji, na ukuta wa nyuma ya zahanati ndio uliokuwa goli. Hawakuzaliwa na mama mmoja, lakini mke wa Marudio alimwita Kipa shemeji, na alikuwa akimwekea sahani bila kuuliza kama atakuja.

Siku ya kuamkia fainali ya kombe, Kipa alimvuta Marudio pembeni, akapandisha mguu wa suruali. Goti lilikuwa limevimba kama embe lililoiva vibaya.

"Kocha anajua?" Marudio aliuliza.

"Akijua ataniweka benchi, na kipa wa akiba mwenyewe unamjua. Yule hata kikombe cha chai kinamponyoka. Nitafunga bandeji, nitavaa suruali ndefu. Usiandike, kaka. Upande wa pili wakijua, mipira yote itakuja chini, upande huu huu."

Marudio akakubali. Yeye aliyekuwa akigonga meza kibandani, akaifungia siri mfukoni.

Fainali ile ilikuwa msiba. Timu ilifungwa nne kwa moja, na bao la tatu ndilo lililowachoma watu: mpira ulibingirika taratibu, ungeweza kuuita kwa jina ukasimama, na Kipa akautazama ukimpita pembeni ya mguu kama mtu anayetazama basi lisilo lake. Sasa, kwenye mpira, timu ikifungwa vibaya neno la kwanza kumtoka shabiki ni "wameuza." Linatoka lenyewe, kama "pole" inavyomtoka mtu ukijikwaa. Kwa kawaida kesho yake limesahaulika. Lakini hilo ni neno la mdomo, na neno la mdomo halina anwani.

Zama zile mwandishi aliandika kwa mkono, kisha akasoma kwa simu, na mtu wa chumba cha habari akaandika anachosikia. Marudio aliingia ofisi ya msimamizi wa uwanja. Nje watu wanapiga mabati, kioo cha dirisha kimeshapasuliwa kwa jiwe. Kwenye karatasi yake alikuwa ameandika utetezi. Alinionyesha karatasi hiyo baadaye, kwa hiyo najua: "Watu watamlaumu Kipa. Mimi najua wasichokijua. Kipa aliuguza goti mechi nzima, na hakumwambia mtu." Alikuwa amefikiri hivi: mechi imekwisha, siri imeisha muda wake, sasa ni zamu ya kumlinda ndugu.

Akasoma. Waya wa simu ukala "gu", ukala na "goti" lote.

Mpokeaji wa upande wa pili hakuwa mzembe, na hili lazima lisemwe. Alisita. "Narudia nilichosikia, bwana. Kipa aliuza mechi nzima, na hakumwambia mtu. Sawa?"

Marudio, kidole kimoja sikioni, akasikia kile alichokuwa anakitarajia kusikia, yaani neno lake mwenyewe. "Sawa."

"Una hakika? Hili neno ni zito."

"Ni zito ndiyo. Lakini nina hakika. Amenieleza mwenyewe kwa mdomo wake. Andika!"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mpokeaji akampelekea mhariri, mhariri akauliza kama kuna ushahidi, akajibiwa kwamba kipa mwenyewe amemweleza mwandishi. Habari ikatolewa ukurasa wa mwisho ikapelekwa wa kwanza.

Asubuhi sikuhitaji kupaza sauti. KIPA ALIUZA MECHI NZIMA, herufi kubwa kama milango, na chini yake jina la Marudio. Watu waliniparamia. Nilikuwa nimebakiwa na nakala chache alipotokea yeye mwenyewe, amevaa ndala, shati limefungwa vifungo kombo. Akaninyang'anya gazeti. Akasoma. Akasoma tena.

"Nani kaandika hivi?"

"Jina lako hili hapa, kaka."

"Jina langu naliona. Nauliza nani kaandika!"

Nilidhani anatania. "Uandike wewe, uulize wewe? Niachie nakala hiyo, wateja wanangoja."

Akaondoka mbio na gazeti langu mkononi. Kilichotokea ofisini kwa mhariri alinisimulia mara nyingi kuliko nilivyotaka, na kila mara bila kubadilisha neno, ndiyo maana nimeamini.

Mhariri alimpokea mikono miwili. "Kaka, njoo niibusu hiyo kalamu!"

"Mzee, kuna kosa. Mimi nilisema aliuguza."

"Aliuguza nini?"

"Goti."

Mhariri akaketi. Simu zilikuwa zinalia meza zote, na chini mtambo ulikuwa unatikisa sakafu kwa toleo la pili. Aliwaza kidogo, akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Anajua Kipa."

"Kipa atasema nini zaidi ya 'sikuuza'? Hata aliyeuza husema hivyo hivyo."

"Nataka masahihisho. Ukurasa wa kwanza."

"Ukurasa wa kwanza kesho ni wa waziri."

"Basi wa mwisho, juu kabisa."

"Juu kuna tangazo la sabuni, na wameshalipa."

"Hata katikati, mzee. Ili mradi paonekane."

Mimi nimeishi maisha yangu yote kwa kupatana bei. Kuuza nimeuza kila kitu, tangu magazeti hadi mabati, na nawaambia, Marudio siku ile alifanya kosa asilolifanya hata mchuuzi aliyeanza jana: alishuka kabla hajaambiwa bei ya mwenzake. Ukishuka mara mbili mfululizo bila mwenzio kupanda, jua umeshauza, kilichobaki ni kufunga mzigo. Masahihisho yalitoka siku ya pili yake, chini ya jedwali la fumbo la maneno. Yalisema: "Katika toleo letu la jana neno 'aliuguza' halikusomeka sawasawa. Tunawaomba radhi wasomaji." Wasomaji, si Kipa. Neno "aliuza" halikutajwa kabisa. Wachache walioyaona walidhani ni sehemu ya fumbo. Nilimwona mteja wangu mmoja akihesabu herufi za "aliuguza" kwa ncha ya kalamu, akitafuta pa kulichomeka.

Na kabla Marudio hajatoka ofisini, mhariri akamrushia kitu kingine. "Nakupa safu. Yako mwenyewe, kila wiki, na picha yako juu. Humo andika utakacho. Ukitaka kusema habari za magoti, sema."

Marudio akaichukua. Alijiambia kwamba hiyo ndiyo njia yenyewe, kwamba safu ni jukwaa kubwa kuliko masahihisho. Wiki ya kwanza barua za wasomaji zilikuja kwa gunia, zikimsifu kwa ujasiri wake. Wiki ya pili nilimwuliza, "Umeliandika lile?"

"Likipoa kidogo," alisema. "Sasa hivi nikiandika kwamba hakuuza, watasema nimehongwa, au nimetishwa. Nitamharibia zaidi."

Hoja ilikuwa na akili, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Kisingizio cha kijinga hakimlazi mtu usingizi. Kile chenye akili ndicho humlaza hadi asubuhi.

Kipa akafukuzwa timu. Viongozi hawakuitisha uchunguzi wowote, kwa sababu aliyefungwa nne akiletewa mchawi bure hamwulizi cheti. Alipowaambia habari ya goti, walimwuliza mbona hakumwambia mtu. Na hilo nalo walikuwa wamelisoma gazetini. Akawa hapiti sokoni bila kusikia mtu akinadi kwa sauti, "Mechi! Mechi bei poa!" Baadaye tukasikia mkewe amefungasha amerudi kwa mama yake. Tukasikia tena amerejea. Nyumba ya mtu ina mlango, hutoki kuuliza.

Mara moja tu Kipa alikwenda nyumbani kwa Marudio. Mke wa Marudio ndiye aliyefungua.

"Karibu, shemeji. Mwenzio katoka."

Marudio alikuwa nyuma ya pazia la chumbani, ameshika nguzo ya kitanda. Viatu vyake vilikuwa pale mlangoni, vimepangwa vizuri, kamba zimefunguliwa. Kipa aliviangalia viatu vile.

"Basi mwambie nilipita," alisema. "Mwambie goti linaendelea vizuri."

Alipoondoka, mwanamke yule aliingia chumbani akasimama mbele ya mumewe. "Hiyo ni ya mwisho. Akija tena utatoka wewe, au nitamwambia upo."

Hakuja tena.

Miaka ikaenda. Mimi nikaacha kusimama njia panda, nikapata kibanda, kibanda kikazaa duka. Marudio akawa jina kubwa. Vijana wanaoanza kazi waliletwa kwake wafundwe, naye aliwafunda vizuri: usimtaje mtu mpaka ushike ushahidi, ukikosea sahihisha pale pale ulipokosea na kwa herufi zile zile, usisikie kwa simu ulichokwisha kukiweka masikioni. Vijana waliandika. Kisha kila mara akatokea mmoja mwenye kiherehere: "Lakini mzee, wewe Kipa ulimtaja! Habari ile tunaisoma mpaka chuoni!" Hapo Marudio alikuwa akianza ghafla kueleza sheria ya kuotea.

Na kalamu yake ikakauka. Hili wenzake hawakulisema kwenye sifa zao, lakini mimi niliyeuza magazeti yake nililiona. Nyuzi na sindano zikaisha. Kila neno lenye ladha lilikuwa pia na hatari ya kusikika vingine, basi akayatoa moja moja, kama mtu anayechambua mchele mpaka sinia likabaki tupu. Mwishoni aliandika fainali kama barua ya benki. Hakuna aliyemlaumu, mtu mwenye picha juu ya safu hasomwi tena, anaheshimiwa tu.

Alipofiwa na mke alihamia ghorofani kwangu, yeye na binti yake. Binti naye alikuwa ameshika kazi ya baba, ila yeye anaandikia mtandaoni, vidole vinakimbia kabla refa hajapuliza. Ni yeye aliyeingia dukani siku moja akirukaruka.

"Mjomba! Chama cha waandishi wa michezo kinamtuza baba! Kwa ile habari ya Kipa! Wataisoma yote mbele ya watu, na mimi ndiye nitakayeisoma!"

"Yeye amesemaje?"

"Amenyamaza. Unamjua, hapendi kusifiwa."

Marudio alishuka baada ya muda, akaketi juu ya kreti la soda. Kabla ya siku ile sikuwahi kumwona mtu akizeeka kati ya ngazi ya juu na ya chini.

"Wewe mtu wa biashara," alisema. "Mali ikiuzwa kwa makosa, inarudishwaje?"

"Inarudishwa kwa mwenyewe. Hairudishwi sokoni."

"Nataka kusema siku ile, mbele yao wote. Nikishika kipaza sauti, niseme: hakuuza, aliuguza."

"Umemwuliza yeye?"

Akaanza kuzungusha kizibo cha soda kwa kidole.

"Basi twende kwanza kwake. Sikupi ushauri wa bure, ujue. Nataka tu usiharibu mara mbili."

Kipa alikuwa fundi vioo. Karakana yake ilikuwa uani kwake, nyuma ya nyumba, vioo vimeegemezwa ukutani kama makarani kwenye foleni. Tulimkuta amekumbatia kioo cha dirisha kifuani, mikono imefunguka vile vile kama ya kudaka, akitembea mguu mmoja umetangulia bila kukunjika. Alikiweka chini kwanza, taratibu, ndipo akatutazama.

"Kaka," alisema.

"Kaka," alisema Marudio.

Mimi nikajitia kuangalia fremu. Marudio akaeleza yote: karatasi, simu, mabati, "sawa", "andika", fumbo la maneno, safu, viatu mlangoni. Alieleza mara moja tu, na hakurudia kitu. Kipa alisikiliza akiwa ameshika kalamu yake ya kukatia vioo, na alipomaliza kusikia akaiweka mezani.

"Aliuguza," alisema.

"Aliuguza goti."

"Yaani mimi nimeliwa na 'gu'!" Akacheka, kicheko kifupi kikavu, akajishika goti kana kwamba ndilo lililochekesha. "Na mimi miaka yote nikijiuliza: huyu ndugu yangu aliona nini ambacho mimi sikukiona? Kuna wakati nilikaa nikajihesabia mabao yale, nikitafuta mahali nilipouza."

"Nitalisema mbele ya watu wote. Nitakuomba radhi kwa kipaza sauti."

"Punguza sauti, kaka."

Ndani ya nyumba tulimsikia mkewe akigombana na mteja aliyetaka kioo cha jana kwa bei ya mwaka juzi. Kipa alisogea karibu.

"Yule alinikalia kooni kwa neno moja: kama uliuza, pesa ziko wapi? Nikaapa sikuuza. Akasema basi una nyumba nyingine, zimekwenda huko. Nikaapa tena. Kila nilivyoapa ndivyo alivyozidi kukaza mzigo. Akaenda kwa mama yake. Nikamfuata, nikamwambia: ndiyo, niliuza. Niliahidiwa, na siku ya kupewa nikadhulumiwa." Akapangusa vumbi la kioo mikononi. "Alilia, halafu akafungua mzigo. Akasema, 'Kumbe wewe ni mjinga tu, si mhuni.' Akanisamehe."

"Lakini hukuuza!"

"Sikuuza. Ila nyumba hii imejengwa juu ya msamaha ule. Watoto wakigombana anawaambia: baba yenu alikosea kuliko hivyo na nikamsamehe, sasa ninyi mtashindwa nini? Leo uje umwambie sikukosea, atakuwa amesamehe nini? Na mimi nitakuwa nimemdanganya maisha mazima. Lile la kwanza lilikuwa kosa la simu. Hili litakuwa langu."

"Lakini ndiyo kweli yenyewe, kaka. Nataka kukurudishia kweli yako."

"Ungenirudishia ikiwa mbichi. Nilikuja mlangoni kwako kuifuata."

Marudio alifungua kinywa, na papo hapo mkewe Kipa akatokeza, khanga kiunoni, bado ana hasira za mteja. Alimkazia macho mgeni, akamtambua.

"Haa! Mwandishi! Karibu, shemeji. Mbona mmesimama kama vioo?" Akampa mkono, akaushikilia. "Wewe nilikuchukia, nisikufiche. Nilikuapiza. Lakini baadaye nikasema, yule mtu aliandika kweli chungu, na kweli ile ndiyo iliyotusafishia nyumba. Bila wewe huyu angenificha mpaka kaburini. Ahsante."

Nilimwangalia Marudio. Kipa naye alimwangalia, lile jicho la kipa anayepanga ukuta wa mabeki kabla ya mpira wa adhabu: huyu asogee huku, huyu asitikisike.

"Ahsante, shemeji," alisema Marudio.

Tukarudi nyumbani. Hapakuwa na la kupatana. Nimeona watu wakikosa kununua kwa sababu pesa haitoshi, na nimeona wakikosa kwa sababu mali imekwisha. Siku ile nilimwona mtu mwenye bei kamili mkononi, amefika dukani, mali ipo rafuni anaiona, na mwenye duka anamwambia haiuzwi tena.

Siku ya kutuzwa Marudio alisema mgongo unamwuma. Binti alinisihi nikakae kwenye kiti cha jamaa ili kisibaki wazi, nikafunga duka mapema nikaenda. Ukumbi ulijaa. Kabla ya kusoma walijadiliana kidogo, kama kawaida yao: kama mwandishi amtaje mla rushwa bila mahakama, kama urafiki unapofusha, kama gazeti lina wajibu kwa mchezaji au kwa msomaji tu. Wote walimtolea mfano Marudio. Kisha binti akasimama, akasoma habari ile neno kwa neno, kwa sauti safi ambayo hakuna waya ungeweza kuila. Alipofika kwenye "aliuza mechi nzima, na hakumwambia mtu," ukumbi ulisimama kupiga makofi.

Kesho yake asubuhi baba mtu alikuwa ameketi dukani kwangu binti alipoingia na ngao ya shaba ya ile tuzo, ameikumbatia.

"Baba, jana wameniuliza swali nikaona aibu, sina jibu. Wengine wote wakati ule walikuwa wanakisia. Wewe pekee ulijua. Nani alikwambia?"

Marudio alimtazama binti yake. Nilidhani atalisema. Nadhani na yeye alidhani atalisema, midomo ilishafunguka. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa mwandishi, mwenye simu mkononi, na uani kwa Kipa palikuwa na mwanamke anayesoma habari kama watu wote.

"Mwandishi hamtaji aliyemwambia," alisema.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mwanangu."

Uso wa yule msichana ulichanua. Alimbusu baba yake utosini, akasema, "Hilo nitaliandika leo leo, wenzangu walisome," akatoka mbio kwenda kazini, vidole vimeshaanza kugonga simu.

Marudio alibaki na ile ngao mapajani, hajui aishike vipi.

"Mzuie," alisema, lakini alisema kwa sauti ndogo, na mimi ndiye niliyekuwa karibu, na msichana alishavuka barabara.